Ugumu Uwe Kitabuni, Usiwe Mlangoni

Karatasi ilikuwa na kanuni 11. Naikumbuka vizuri kwa sababu ni mimi niliyeisoma kwa sauti mbele ya wazazi, kanuni moja baada ya nyingine, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, na mwishoni nikatia sahihi kama shahidi. Ilikuwa siku ya kufungua darasa la juu la Kiingereza katika kituo kimoja hapa Dzaleka, darasa la vijana wa sekondari wanaotaka kwenda mbele zaidi ya kile wanachopata asubuhi shuleni. Kituo sitakitaja. Wanaokijua wanakijua, na wasiokijua wana cha kwao kinachofanana nacho.

Wazazi walipiga makofi. Mzee mmoja akasimama akasema, "Sasa hii njo shule. Shule bila sheria ni soko." Na mimi nilipiga makofi. Nasema hivyo mapema ili mtu asifikiri ninaandika kama aliyekuwa anachungulia dirishani. Nilikuwa ndani, nimevaa kizibao cha kituo, na posho napokea.

Kanuni zenyewe ni hizi. Ukikosa vipindi vitatu jina linafutwa, anaingia mwingine kutoka orodha ya wanaongoja. Saa nane kamili mlango unafungwa, na aliyebaki nje amekosa. Ndani ya uzio ni Kiingereza tu. Ukikamatwa na lugha nyingine unaandikwa ubaoni na kulipa kwacha 100. Kazi iliyochelewa ni sifuri. Insha ya mwisho wa mwezi ichapwe kwa kompyuta. Mzazi au mlezi aje mwenyewe kusaini fomu. Kamusi kila mtu ajinunulie. Simu izimwe. Anayebishana na mwalimu atoke. Usinakili kazi ya mtu. Kila wiki usome sura mbili za riwaya kabla ya kuja.

Kufika wiki ya 9, kati ya vijana 25 tulioanza nao, 9 walikuwa wamefutwa. Hakuna hata mmoja aliyefutwa kwa sababu Kiingereza kilimshinda. Wengine kati yao ndio walikuwa wanaandika vizuri kuliko wote. Walifutwa na saa, na foleni, na rejista.

Ninachosema ni kitu kimoja. Darasa la juu liwe gumu, liwe gumu kweli. Lakini ugumu uwe kwenye kitabu na kalamu, usiwe kwenye mlango. Kanuni inayopima kama umesoma ni kanuni ya Kiingereza. Kanuni inayopima kama nyumbani kwenu kuna mtu mwingine wa kwenda foleni, hiyo inapima nyumba yenu, na tayari tunajua nyumba zetu zikoje.

Hesabuni wenyewe. Katika zile 11, zinazohusu kusoma na kuandika kwa akili yako ni mbili za mwisho tu: usinakili, na usome sura mbili. Na hizo mbili ndizo hatukuzisimamia hata siku moja. Kijana aliweza kufika saa nane kasoro tano, shati safi, simu imezimwa, kamusi mezani, hajafungua kitabu tangu Jumanne, na rejista ikasema yeye ni mwanafunzi mzuri. Nilimwandika mimi, alama ya vyema, kila kipindi.

Kabla sijaendelea, kwa wale wafanyakazi wa mashirika waliofika juzi na wanaosoma jarida hili, niseme Kiingereza ni nini kwetu. Wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi na Rwanda. Tulikuja na Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda, na waliosoma wakaja na Kifaransa. Tumefikia Malawi, nchi ambayo watu wake wanaongea Kichewa na ofisi zake zinaandika Kiingereza. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kule Uvira anarudishwa hapa madarasa mawili matatu nyuma, anakaa na watoto wadogo, magoti yanagusa meza. Mimi nilikuwa hivyo. Akivumilia mpaka kidato cha nne anakutana na MSCE, na kwenye MSCE Kiingereza hakilingani na masomo mengine. Ukifeli Kiingereza hupati cheti, hata kama hisabati umeipasua.

Baada ya hapo, nafasi za chuo kwa wakimbizi kama DAFI, au zile za WUSC zinazopeleka wachache Kanada, zote maombi yake ni Kiingereza. Barua ya rufaa ni Kiingereza. Tangazo la ukutani ni Kiingereza. Na Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake kuhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea anakotaka, ndiyo maana tunaishi hapa ndani na kutoka ni kwa kibali. Mtu ambaye mguu wake hauruhusiwi kwenda mbali, lugha ndiyo inakuwa mguu. Kwa hiyo ukimfuta kijana kwenye darasa hili, usiseme umemnyima kipindi cha jioni. Umemkata mguu, na ujue hivyo unaposhika kalamu ya rejista.

Mmoja wa wale 9 ni msichana wa kidato cha tatu anayeishi na bibi yake na wadogo wawili. Nitaeleza makosa yake matatu.

La kwanza lilikuwa siku ya malipo ya chakula. Bibi hawezi kusimama, miguu inavimba, na msichana ndiye anayetambuliwa kwenye kadi ya familia. Alipanga foleni asubuhi, akatoka saa tisa na nusu. Sasa niambie, angefanya nini? Awaambie wadogo zake mwezi huu hatuli, nina kipindi?

La pili, alifika saa nane na dakika kumi. Mjigo wa upande wao ulikuwa umeharibika, mtaa mzima ukaenda kwenye mjigo mmoja, ndoo zimejipanga mpaka barabarani. Mlango ulikuwa umefungwa. Alikaa chini ya dirisha akasikiliza kipindi kizima kutoka nje, na anayo notisi aliyoiandika pale kwenye vumbi. Kwenye rejista: hayupo.

La tatu, jirani yao alishikwa na uchungu wa kuzaa saa sita mchana. Ni mama wa Fizi, anajua Kibembe na Kiswahili, basi. Zahanati wauguzi wanauliza kwa Kichewa na kwa Kiingereza. Mimba ya ngapi? Damu imeanza lini? Uliwahi kupasuliwa? Msichana huyu alisimama pembeni ya kitanda kwa zaidi ya saa nne, akibeba maneno kutoka mdomo mmoja kwenda sikio lingine, na ukikosea neno hapo mtu anaweza kufa. Mtoto alizaliwa salama. Saa nane kamili, mlango wetu ulikuwa umefungwa.

Alikosa darasa la Kiingereza kwa sababu alikuwa anafanya kazi ya Kiingereza.

Alikuja Alhamisi akaona jina halipo ukutani. Akanifuata. "Yaya, juu ya nini jina yangu haiko tena?" Nikamwambia ni kanuni, vipindi vitatu. Nilimjibu kwa Kiingereza, kwa sababu tulikuwa ndani ya uzio. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Akafungua begi akatoa kitabu, maana nakala zilikuwa za kupokezana na mwenzake alikuwa anaingoja. Tulikuwa tunasoma Things Fall Apart ya Chinua Achebe, na yeye alikuwa amefika sura ya 15, mbele kuliko darasa. Akanikabidhi, akauliza, "Ule Okonkwo atarudia kwabo?"

Sikumjibu. Nikaweka kitabu kabatini.

Sasa nijibu wanaosema, maana wapo, na si watu wabaya. Mratibu wetu aliniambia, "Ulimwengu wa nje hausubiri mtu. Chuo hakitajali foleni yenu. Tunawazoesha." Nimefikiria maneno hayo miezi mingi. Kwanza, si kweli. Chuo kina fomu ya mgonjwa, kina ya msiba, kina kuomba muda zaidi, na ofisi zenu nyinyi wenyewe zina likizo ya uzazi na ruhusa ya dharura. Ulimwengu wa nje una milango mingi ya nyuma, ila sisi hatuonyeshwi. Pili, kutuzoesha nini? Mkimbizi kufundishwa kungoja, kufika mapema, kupanga mstari na kukubali kufutwa kwenye orodha! Hayo tuna shahada yake. Tulichokuja kutafuta pale ni kitu tusichokuwa nacho.

Tatu, na hili ninalisema kwa upole kwa sababu nalila pia: vitabu viliahidiwa wiki ya kwanza vikafika wiki ya tatu, nakala 8 kwa watu 25. Mwalimu wetu, mtu mzuri, alikosa vipindi viwili kwa sababu minibasi haikuwa na mafuta. Hakuna aliyefutwa. Tulisema "changamoto". Kijana akichelewa ni "nidhamu", shirika likichelewa ni "changamoto". Hapo mimi naona kanuni ya 12, ambayo haikuandikwa.

Wengine wanasema orodha ya wanaongoja ni ndefu, na kiti kisicho na mtu ni wizi. Hili nalichukua kwa uzito. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa watu kama 10,000, leo tumepita 50,000, na tangu serikali ilipoagiza mwaka 2023 waliokuwa wanaishi mijini warudi hapa, tumepata vijana waliokuwa shuleni Lilongwe na wengine hawana hata dawati. Ndiyo, viti ni vichache. Lakini kumtoa aliyefika sura ya 15 ili umwingize wa kuanzia sura ya kwanza wiki ya 9, umeokoa nani? Tuliingiza wapya 9. Walibaki 3. Tumepoteza mara mbili, na ripoti kwa wafadhili iliandika kwamba tumefikia vijana 34.

Niende kwenye kanuni ya Kiingereza tu. Hii najua wazazi wengi wanaipenda, na nikiigusa wataniambia nataka watoto wabaki nyuma. Nisikilizeni kwanza.

Baba yangu alisoma Uvira. Ananiambia mwalimu alikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Ukisema Kiswahili badala ya Kifaransa unavishwa shingoni, na unabaki nacho mpaka umkamate mwenzako. Nikamuuliza, kilikusaidia Kifaransa? Akacheka. "Kilinifundisha kunyamaza, na kuchongea." Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika mambo hayohayo yalivyokuwa Kenya. Na hapa Malawi msiende mbali. Dzaleka hii, kabla haijawa kambi, ilikuwa jela ambamo serikali ya Kamuzu Banda iliweka wapinzani wake. Kamuzu huyohuyo, aliyekuwa akihutubia wananchi wake kwa Kiingereza huku mkalimani akitafsiri kwa Kichewa, alifungua Kamuzu Academy kule Kasungu mwaka 1981, na watoto wakafundishwa Kilatini na Kigiriki na walimu wa kutoka nje, na Kichewa shuleni ikawa ni kosa. Sisemi waliosoma pale hawakujua Kiingereza. Nasema kwamba aibu juu ya lugha ya nyumbani si njia mpya mliyotuletea. Imejaribiwa sana, na wanaoifuata mara nyingi hawajui inatoka wapi.

Nilichoona kwa macho yangu ni hiki. Wiki ya 8 mvua ilinyesha, mwalimu akakwama, nikashika darasa mimi. Mwanzoni kimya. Nauliza kwa Kiingereza, "Okonkwo anajisikiaje Mbanta?" Ananijibu mmoja, "He is sad." Mwingine, "He is very sad." Nikachoka. Nikasema, nusu saa, lugha yoyote, semeni.

Jamani! Darasa lilipasuka. Okonkwo amefukuzwa Umuofia miaka saba kwa kuua mtu bila kukusudia, amekimbilia kwa wajomba zake. Mjomba Uchendu amempa kiwanja na mashamba, na wana watano wa Uchendu kila mmoja amempa mbegu za viazi vikuu 300. Mvulana mmoja wa Bujumbura akasema, "Basi huyo si mkimbizi. Huyo ni mgeni. Sisi nani katupa shamba?" Mwingine akambishia: kapewa yote hayo na bado amenuna, kama baba zetu wanaokaa pale chini ya mwembe, mwili uko Dzaleka akili iko Kivu. Msichana mmoja akasema Obierika, rafiki anayemuuzia viazi vyake na kumletea mifuko ya kauri mpaka ugenini, "njo alikuwa Airtel Money yake". Tulicheka mpaka tukasikika ofisini. Kisha nikasema, sasa andikeni hayo kwa Kiingereza, hayohayo mliyosema, msinipe mengine. Waliandika ukurasa mzima na kugeuza. Neno "sad" halikuonekana.

Mratibu alikuwa amepita dirishani. Aliandika majina 6 ubaoni. Kwacha 600.

Mtu hawezi kuandika kwa lugha ya nne wazo ambalo hajalipata kwa lugha yoyote. Kwanza wazo, halafu Kiingereza. Ukifunga mdomo wa kwanza, wa pili utasema "He is sad" mpaka siku ya mtihani.

Kanuni ya kuchapa kwa kompyuta nitaipitia haraka. Kuchapisha ni pesa kwa kila ukurasa, na umeme ukikatika siku mbili unangoja. Mvulana mmoja alileta insha ya mkono, mwandiko safi, kurasa nne, akapata sifuri. Mwenzake alimlipa kijana wa sokoni achape, na kijana yule, kwa roho nzuri, akamrekebishia Kiingereza chote akiwa anachapa. Huyo akapata 17 juu ya 20. Yaani kanuni moja ilivunja nyingine: tulikataza kunakili, halafu tukawatuma kwa mtu wa kuwaandikia.

Ya mzazi kuja kusaini ni hivyohivyo. Tuna ndugu wawili wanaoishi peke yao tangu 2019. Walimuomba jirani aje ajifanye mjomba. Tulimwona, tukajua, tukamsainisha. Darasa la kwanza la ukweli tulilianza kwa uongo, na mimi ni shahidi, sahihi yangu ipo.

Sasa nigeuke kwa watu wangu, maana nikiishia hapo nitakuwa nimewapendeza tu. Kuna wanaosema, wahurumieni watoto hawa, wameona mengi, wapeni kazi nyepesi, wapitisheni. Hapana! Huruma ya namna hiyo ni dharau iliyopakwa asali. Mtu anayekupunguzia kitabu kwa sababu wewe ni mkimbizi ameshaamua utaishia wapi. Pia kuna vijana, na mnajijua, mnaosingizia foleni wakati mlikuwa kwenye mpira, mnaonunua insha, mnaoiambia simu iwaandikie kisha mnasoma mbele za watu maneno msiyoweza kuyatamka. Mkikamatwa, mimi sitawatetea. Darasa ninalolitaka litawaumiza nyinyi kuliko lile la kanuni 11, kwa sababu mle mlijificha vizuri nyuma ya kufika mapema.

Basi ninapendekeza hivi, na nimekaa na vijana wenyewe kuandika, waliobaki na waliofutwa.

Kwanza, hakuna anayekaa mezani bila kusoma. Maswali matano mafupi mwanzoni mwa kila kipindi, juu ya sura za wiki. Hujasoma? Kuna benchi nje chini ya mti, kaa usome, ukimaliza ingia. Mlango hauna kufuli.

Pili, kila insha inaandikwa mara tatu. Ya kwanza na ya pili mwalimu anatia alama makosa bila kuyarekebisha, mwenyewe unarekebisha. Ya tatu ndiyo ya maksi. Mkono unatosha, daftari linatosha.

Tatu, tuhesabu kazi, tusihesabu miili. Aliyekosa kipindi anachukua notisi kwa mwenzake na kuleta ukurasa mmoja wa sura iliyosomwa. Akipita wiki mbili bila kuleta kitu, mmoja wetu anamfuata nyumbani kabla jina halijaguswa. Mimi ndiyo kazi yangu hiyo, kwa nini nilipwe posho ya kukaa na rejista?

Nne, nusu ya kwanza lugha yoyote, nusu ya pili Kiingereza tupu, na hapo hakuna kukimbilia Kiswahili. Faini hakuna.

Tano, ratiba ipangwe pamoja na viongozi wa mitaa, na wiki ya malipo kipindi kihamishwe. Tarehe zinatangazwa, kuhama ni jambo la kuandika karatasi moja. Aliyeitwa kutafsiri zahanati alete neno la muuguzi, na siku hiyo ihesabiwe kuwa amehudhuria, maana amehudhuria kweli.

Sita, kanuni za wanaotoa. Vitabu vikichelewa wiki mbili, tarehe za kazi zinasogea wiki mbili. Iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, na mratibu asaini mbele ya wazazi, mimi nitakuwa shahidi kwa furaha.

Haya si ya gharama. Hakuna mfadhili anayehitaji kuombwa. Benchi lipo, mti upo.

Msichana yule nilimpelekea nakala yangu binafsi mwezi uliopita. Anauza mandasi asubuhi karibu na chigayo, na zahanati bado wanamwita. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia kitabu pamoja na karatasi mbili za mkono. Anasema Okonkwo alirudi kwao, lakini kwao palikuwa pamebadilika, na hakuwa na mtu wa kumtafsiria. Nilihesabu makosa ya sarufi 14 na nyakati za vitenzi zimechanganyika ukurasa wote wa pili. Nikamtilia alama kila mahali, nikamwambia andika upya. Alinung'unika. Ameandika, yamebaki 5.

Fomu za muhula ujao zimeshachapwa. Nimeziona mezani ofisini, kanuni ni zilezile 11. Nimeombwa nizisome tena mbele ya wazazi, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Nimesema sitazisoma. Nimeambiwa nifikirie vizuri, kuna vijana wengi wanaotaka posho hii, na ni kweli wapo, na wengine wanajua Kiingereza kunishinda.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, palepale. Mzee aliyesema shule bila sheria ni soko, namuomba aje. Tunazo sheria sita, na ni ngumu. Aje azisikie, kisha aulize mwenyewe zile 11 ziliwafuta akina nani.